Neno la Mhariri: Dawa Ikae Penye Ugonjwa

Fizi zikivuja damu, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kuomba rangi mbili, yaani kapsuli za antibiotiki. Wapo wanaofungua kapsuli na kumwaga unga wake moja kwa moja kwenye fizi. Unga huo haukai. Katika mfuko wa fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino, wenye kina cha milimita 5, majimaji hubadilika takriban mara 40 kwa saa, na dawa huondoka nayo.

Mwaka 1979 Max Goodson na wenzake, huko Marekani, walijaza tetrasaiklini ndani ya nyuzi nyembamba na kuzipachika mfukoni humo ili dawa itoke polepole. Baadaye zikaja jeli ya doksisaiklini inayotoa dawa kwa siku 7, na chembechembe za minosaiklini, miligramu 1 kwa kila mfuko. Kapsuli moja ya tetrasaiklini ya kumeza kwa kawaida huwa na miligramu 250, nayo huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kwenye fizi.

Tuna sababu ya kuitazama tiba hii tukiikumbuka Mtendeli, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wilayani Kakonko. Kambi hiyo ilifunguliwa tena kupokea Warundi Januari 2016, ikafungwa mwishoni mwa 2021, na waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta. Ugonjwa wa fizi unataka mgonjwa arudi kila baada ya miezi kadhaa, apimwe, asafishwe tena. Kwa mtu asiyejua mwakani atalala wapi, dawa inayoendelea kufanya kazi wiki nzima baada ya yeye kutoka kliniki ni msaada mkubwa.

Lakini ukiiweka juu ya ugaga umeitupa. Bakteria wamejikita kwenye utandu unaong'ang'ania mzizi wa jino. Sharti ukwanguliwe kwanza. Hata hapo, dawa huongeza nafuu ya sehemu tu ya milimita. Mwaka 1986 Vibeke Baelum na wenzake walionyesha kwamba ugaga ulikuwa umeenea mno kwa Watanzania watu wazima, ilhali mifuko yenye kina kirefu ilikuwa michache. Hiyo michache, inapokataa kupona baada ya kusafishwa, ndiyo ya dawa hii. Mingine yote inataka mswaki na mkono wa tabibu.

Kwa hiyo tunawaomba wanaopanga bajeti za afya katika wilaya za Kakonko, Kibondo na Kasulu: nunueni kwanza vifaa vya kukwangua ugaga, na muajiri watu wa kuvitumia. Nawe msomaji, ukifika kliniki, omba kusafishwa meno kabla ya kuomba kapsuli.