Ngozi Haina Kosa

Wanaume wengi wenye vipele vya ndevu hapa kwetu wana sentensi moja waliyoikariri: "Ngozi yangu haipatani na wembe." Mtu ataisema kwa kinyozi, ataisema kazini akiulizwa mbona shingo imemtutumka, na mwisho ataiamini kama anavyoamini kundi lake la damu. Mimi mwenyewe nimeisema kwa miaka minane. Leo naikana hadharani, kwa sababu ni uongo, na uongo huu unawatoa watu damu kila asubuhi.

Muulize mtu huyo ananyolea nini. Mara nyingi atakujibu kwa fahari kidogo kwamba ana mashine ya nyembe tano, yenye kichwa kinachocheza na utepe wa kulainisha ngozi. Muulize kwa nini tano, atakushangaa. Nani asiyejua kwamba tano ni nyingi kuliko moja? Wembe mmoja ni wa babu, ni wa mtu asiye na uwezo, ni wa fundi cherehani kufumulia nguo. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Imani kwamba nyembe zikizidi ndipo unyoaji unapozidi kuwa mzuri ndiyo mama wa ile sentensi ya ngozi. Mtu ananunua kifaa cha bei kubwa kuliko vyote rafuni, kinamchuna, naye anahukumu kwamba mwenye kasoro ni yeye.

Nilianza kutilia shaka hukumu hiyo siku niliyokuwa mbele ya kioo na pini niliyoipitisha kwenye spiriti, nikifukua kipele kimoja chini ya taya ya kulia. Kilikuwa na siku kama kumi, kigumu, cheusi, na kilikuwa kinauma nikimeza mate. Nilipokichokonoa ulitoka usaha kidogo, kisha ncha ya unywele. Niliuvuta polepole. Ulikuja umejizungusha mara mbili, mzima kabisa, kama uzi uliosokotwa kwenye kidole. Siku zote hizo ulikuwa unaota chini ya ngozi yangu, umekosa njia ya kutoka. Nikajiuliza ni nani aliyeufungia mlango.

Jibu lipo kwenye umbo la unywele wenyewe. Unywele ulionyooka hata ukikatwa chini ya ngozi huota ukifuata kinyweleo chake mpaka nje, kwa kuwa kinyweleo chenyewe kimenyooka. Nywele zetu za kipilipili hazijajikunja huku nje tu. Zimepinda tangu kwenye shina, ndani ya ngozi. Zikikatwa sawasawa na uso wa ngozi, kazi imeisha vizuri. Zikikatwa chini ya hapo, wembe huziachia ncha iliyochongoka kama mkuki, na ncha hiyo inapoanza kuota hutoboa ukuta wa kinyweleo kabla haijafika nje. Mwili unaupokea unywele wake mwenyewe kama mwiba wa mchongoma: unavimba, unaweka usaha, unaacha baka jeusi. Nywele nyingine hufika nje salama, lakini zikajipinda na kuingia tena ngozini pembeni. Haya yameandikwa katika vitabu vya madaktari wa ngozi kwa miaka mingi.

Sasa tazama nyembe nyingi zinavyofanya kazi. Gillette ilipotoa Trac II mwaka 1971, mashine ya nyembe mbili zilizopangwa sambamba, ilijisifu hivi: wembe wa kwanza unaushika unywele na kuuvuta juu kidogo, na kabla haujarudi mahali pake wembe wa pili unaukata chini zaidi. Kipande kilichobaki kinarudi ndani, na ngozi inakuwa laini kama ya mtoto. Sifa hiyo haikubuniwa na maadui wa kampuni. Ndiyo iliyouzia bidhaa. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni neema. Kwa mwenye kipilipili, kukatwa chini ya ngozi ndicho chanzo chenyewe cha maradhi, naye anakilipia fedha. Ukiongeza wembe wa tatu, wa nne na wa tano, mkwaruzo mmoja unapitisha chuma mara tano juu ya ngozi ile ile ambayo tayari imewaka.

Wembe wa tatu una kisa chake. Mwaka 1975, kipindi cha vichekesho cha Marekani, Saturday Night Live, katika usiku wake wa kwanza kabisa hewani, kilirusha tangazo la uongo la mashine ya nyembe tatu. Watazamaji walicheka, maana ilionekana hakuna mtu mwenye akili atakayetengeneza kitu kama hicho. Mwaka 1998 ikaja Mach3 ya Gillette, ya nyembe tatu kweli. Mwaka 2003 washindani wao, Schick, wakajibu kwa Quattro ya nyembe nne, na miaka miwili mitatu baadaye Gillette wakafika tano kwa Fusion. Ndevu za binadamu hazikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni biashara.

Biashara hiyo nayo ina historia inayoeleweka. King Camp Gillette alikuwa muuzaji wa kusafiri, na mwajiri wake, William Painter, mvumbuzi wa vizibo vya chupa za soda, alimshauri abuni kitu ambacho mtu hukitumia, hukitupa na kurudi kununua kingine. Akabuni wembe mwembamba wa makali mawili, unaovaliwa kwenye kichwa cha mashine. William Nickerson, mhandisi, ndiye aliyepata namna ya kuufanya ule ubati mwembamba uwe mgumu na kushika makali. Mwaka 1903 waliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata mashine zilipita 90,000. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake iliagizia askari mashine milioni 3.5. Lakini hataza ya Gillette ilikwisha mwaka 1921, na kuanzia hapo kiwanda chochote duniani kingeweza kutoa wembe unaoingia kwenye mashine hiyo. Ndiyo maana leo wembe wa India, wa Urusi, wa Japani na wa Misri unakaa kwenye mashine ile ile bila tatizo, na ndiyo maana bei yake iko chini. Katriji, kile kichwa cha nyembe nyingi kinachobadilishwa, haiko hivyo. Kila mtindo mpya una hataza mpya na kishikio chake, nawe ukishanunua kishikio umefungwa kwa mwenye nacho. Nenda dukani ukaulize bei ya pakiti moja ya katriji za nyembe tano, kisha uliza kwa fedha hiyo utapewa pakiti ngapi za nyembe za kawaida. Sina haja ya kukutajia jibu.

Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa na mashine ya vipande vitatu, imechakaa nikeli mpaka shaba inaonekana kwenye kingo. Aliiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na brashi na kipande cha shabu. Nilimwona akinyoa mara nyingi: beseni la maji ya moto juu ya kiti, taulo shingoni, sabuni ya kipande akiifikicha kwa brashi mpaka povu linasimama. Alikuwa akiloweka ndevu muda mrefu hata sisi watoto tukachoka kumtazama. Kisha anapitisha mashine kutoka juu kwenda chini, hafuatii kwa kupandisha, harudii sehemu moja mara nne. Ukikaa karibu ulisikia mlio mkavu wa ndevu zikikatika, kama panya anayeguguna muwa. Anamaliza, anapaka shabu, basi. Sikuwahi kuona kipele kwenye shingo ya babu yangu. Ndevu zake zilikuwa kipilipili kuliko zangu, na ngozi niliyoilaumu miaka minane ndiye aliyenirithisha.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tumeishika methali hii kwa maana ya tahadhari tukasahau kwamba waliosema walikuwa wakieleza pia namna ya kunyoa. Unywele uliolowa maji ya moto kwa dakika tatu nne huwa laini, hukatika kwa urahisi na ncha yake haichongoki sana. Ukinyoa mkavu kwa haraka kabla daladala haijapita, hakuna mashine itakayokuokoa, hata hii ninayoitetea.

Najua pingamizi linalokuja. Litasema wembe wazi ni hatari, na tulifundishwa tangu shuleni kuuogopa. Ni kweli tulifundishwa. Kampeni za UKIMWI zilituambia tusichangie nyembe, na zilikuwa sahihi kabisa. Damu ya mtu mmoja ikibaki kwenye makali inaweza kumfikishia mwingine virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Lakini fundisho lilikuwa juu ya kuchangia, nasi tukalibeba kama fundisho juu ya wembe. Tukaukimbia wembe wetu wenyewe, wa mtu mmoja, wa nyumbani, tukaenda kukaa kwenye kiti cha kinyozi ambaye mashine yake ya umeme imepita vichwa ishirini tangu asubuhi, na wengi wetu hatuulizi kama imesafishwa. Wembe ninaouzungumzia ni wako peke yako. Hata mdogo wako wa tumbo moja hapaswi kuuomba.

Kuhusu kujikata: ndiyo maana kifaa hiki kiliitwa wembe wa usalama. Wembe wenyewe una unene wa sehemu ya kumi ya milimita, umebanwa na kupindishwa kati ya kofia na bati la chini, na kinachochungulia nje ni ukingo tu. Anayejikata ni yule anayekandamiza. Nyembe tano za katriji zimemzoesha kukandamiza, maana kichwa chake ni chepesi kama karatasi. Mashine ya chuma haitaki nguvu. Uzito wake ndio mkono. Ishike kwa ncha za vidole, iinamishe nyuzi kama 30, uiache iteremke.

Wapo watafiti wanaosema namna ya kuandaa ngozi ina uzito kuliko idadi ya nyembe, na kwamba mwenye vipele anaweza kutumia hata mashine ya nyembe nyingi akifuata utaratibu. Sibishani nao kuhusu maandalizi. Ila watengenezaji wenyewe wametoa ushahidi kwa fedha zao. Mwaka 2013 Tristan Walker, Mmarekani mweusi, alianzisha kampuni iliyotoa Bevel, mashine ya wembe mmoja iliyolengwa kwa wanaume wenye nywele za kujikunja. Mwishoni mwa 2018 kampuni yake ilinunuliwa na Procter & Gamble, ambayo ndiyo mmiliki wa Gillette. Wauzaji wa nyembe tano wakanunua wembe mmoja, kwa ajili ya watu kama sisi.

Sasa uchaguzi, maana hata waliorudi kwenye wembe mmoja huanguka kwenye imani pacha: kwamba ndevu ngumu zinataka mashine kali. Wanatafuta kichwa chenye meno na pengo kubwa, na wembe mkali kupita zote. Mühle R41 ya Ujerumani ni mashine ya namna hiyo, nzuri kwa mkono uliokomaa, nami simshauri mwenye vipele aiguse. Mwenye kipilipili anataka pengo dogo na uzito wa kutosha. Mimi natumia Merkur 34C, ya Solingen: fupi, nene, karibu gramu 80, haina papara. Gillette Tech ya zamani, kama ile ya kwenye makopo ya akina babu, ni ya upole na bado inanyoa. Parker zinazotengenezwa India zinafaa pia. Ukiona ya bei ya chini kwenye duka la vifaa vya saluni usiidharau, ila ifunge na wembe ndani, uitazame kwenye mwanga: ukingo uchungulie sawa pande zote mbili. Ukiwa umekaa upande, irudishe. Kwa nyembe, Feather za Japani ni kali mno kwa anayeanza, basi anza na za kawaida za dukani, ubadilishe baada ya kunyoa mara nne au tano.

Ndugu yangu mwenye shingo inayokuwasha unaposoma hapa, usinyoe kwa wiki nne. Ziache ndevu ziote, zilizonaswa zijichomoe zenyewe, na kama kazini wanakulazimisha kunyoa, nenda kwa daktari akuandikie barua. Kisha pitisha vidole shingoni ujue nywele zako zimelalia wapi, maana chini ya taya nyingi huota kwa upande. Tia maji ya moto, tia povu, pitisha wembe mmoja mara moja kufuata zilikolalia, uache hapo. Jioni utahisi vinywele vidogo ukipapasa kidevu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: vipo nje.