Adabu baina ya Matabibu Wetu



Mtu akipita njia ya pwani inayokabili Bandari ya Sultan Qaboos, kisha akaingia Soko la Mutrah, haendi mbali kabla pua haijamwarifu kuwa amefika penye maduka ya dawa. Pana ubani wa Dhofar, habasoda, sanamaki, uwatu, mdarasini, na karafuu ambazo baadhi yetu tukizinusa huikumbuka Pemba. Bandari yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1974, haipokei tena makontena tangu shehena zilipohamishiwa Sohar mwaka 2014. Lakini dawa zingali zinauzwa, na wanaozijua miongoni mwetu wangali wanatafutwa.

Nao ni wengi kuliko tunavyodhani. Yuko anayeumika, yuko mama anayewakanda wazazi na watoto wachanga, yuko mwenye kuunga mifupa, yuko mjuzi wa majani na mizizi, na yuko anayesoma kisomo tu. Kila mmoja hufanya kazi nyumbani kwake, na aghalabu hajui mwenzake afanya nini, au anajua na hapendi. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu mwezi huu.

Niseme wazi. Mgonjwa akitoka kwa bibi fulani akaenda kwa shehe fulani, swali la kwanza analoulizwa si “unaumwa na nini?” bali “nani aliyekuharibu hivi?” Kisha habari hiyo hurudi kwa bibi, imeongezwa urefu njiani, na watu wawili waliokuwa wakisalimiana msikitini na arusini huwa hawasalimiani tena. (Chuku ni ile pembe ya kuumikia, nayo lugha yetu imelipa neno hilo maana ya pili: kupiga chuku ni kutia chumvi. Nashawishika kuamini kwamba wazee wetu walikwisha kuwasikia waumikaji wakisimulia magonjwa waliyoyang’oa.)

Laiti madhara yangekomea kwenye salamu. Mgonjwa naye hujifunza upesi, na analojifunza ni kuficha. Mzee mwenye kisukari humeza vidonge vya hospitali asubuhi, hunywa maji ya uwatu mchana kwa agizo la mmoja, na hutafuna habasoda usiku kwa agizo la mwingine. Vyote vitatu vyaweza kuteremsha sukari, ilhali hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeambiwa habari za wenzake. Siku atakapoanguka akitetemeka na kutoka jasho, kila mmoja atamtupia mwingine lawama. Kadhalika anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: kumchanja na kumuumika bila ya daktari wake kujua ni hatari, kwani damu yake huchelewa kukatika. Mgonjwa huyo hatasema kitu ikiwa anajua kwamba akitaja hospitali atabezwa.

Kwetu jambo hili lilikwisha fikiriwa. Huko Tanga, kuanzia mwaka 1990, madaktari wa hospitali na waganga wa mitishamba walianza kufanya kazi pamoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, katika kikundi kilichojulikana kwa kifupi kama TAWG. Mganga alitoa ujuzi wake wa mimea na daktari alitoa wake wa vipimo. Hawakudai kwamba mimea hiyo inaondoa virusi. Walidai inapunguza maradhi yanayomwandama mgonjwa. Kiasi hicho cha unyenyekevu ndicho kilichowawezesha kukaa meza moja. Baadaye sheria zikafuata: Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, ikaunda Baraza la kuwasajili watoa tiba, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2008. Linganisha na yaliyotokea Loliondo mwaka 2011, maelfu walipomiminika kijijini Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500. Punde si punde wakazuka wenye vikombe vyao mikoa mingine, kila mmoja na sifa zake.

Watakuja wenye kusema kwamba hii ni riziki, na siri ya dawa ni urithi wa ukoo. Nakubali yote mawili. Mtume (S.A.W.) alipoumikwa na Abu Taiba aliamuru apewe ujira wake wa chakula, tena akawasemea mabwana zake wampunguzie kodi, basi ujira wa mwumikaji hauna aibu. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyefundisha kwamba anayetibu hali hajulikani kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara. Na siri ya mchanganyiko ibaki kwa mwenyewe. Kumwambia mgonjwa kwamba ndani mna sanamaki si kugawa urithi. Bibi kizee aliyeharishwa siku tatu asijue kwa nini ana haki ya kujua.

Ninaloliomba si kubwa. Tabibu anayempokea mgonjwa amwulize ametoka kwa nani na ametumia nini, bila ya kukunja uso. Akiona kosa la mwenzake amwendee mwenyewe, si barazani. Jambo lisilokuwa lake alipeleke kwa mwenye nalo: mkandaji akigusa uvimbe asioujua, njia ni hospitali, na siku hiyo hiyo. Wembe wa mtu mmoja usimguse mwingine, kwani homa ya ini ya aina B na C hupita katika damu kidogo mno. Na tusisahau kwamba tuko ugenini, na kibali cha kutibu watu hutolewa na Wizara ya Afya. Asiye nacho asimponze aliye nacho kwa kutumia jina lake.

Nimekwisha zungumza na wawili kati ya wazee wetu wanaotibu, nao wameridhia kukutana na wenzao Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, baada ya swala ya alasiri. Akina mama wakandaji wamealikwa, na watakuwa na chumba chao. Kila mmoja aje na daftari. Mahali atawatangazia mhariri; kahawa na halua ni juu yangu.