Mpeni Kazi Ndogo Kwanza

Na Hamisi Mbarouk

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Oklahoma State, kilichoko mji wa Stillwater nchini Marekani, kilimkabidhi Alan Bratton timu yake ya gofu ya wanaume. Mkurugenzi wa michezo wakati huo alikuwa Mike Holder, ambaye ndiye aliyemfundisha Bratton enzi za uanafunzi wake. Holder mwenyewe aliichezea timu hiyohiyo, akaanza kuifundisha mwaka 1973 na kuipa mataji manane ya taifa. Mtu wa mbali akisikia hayo atasema hao wanapeana tu. Kwa wengi lawama hiyo ni ya haki. Kwa Bratton siikubali.

Alikuwa mmoja wa vijana watano wa Oklahoma State waliomaliza fainali ya taifa ya vyuo ya 1995 wakiwa sare na Stanford, timu aliyokuwamo Tiger Woods. Ikabidi warudi uwanjani kuamua bingwa kwa mchezo wa ziada, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mashindano hayo. Oklahoma State wakashinda. Mwenye historia ya namna hiyo angeweza kurudi chuoni akidai kiti cha mbele. Bratton alijaribu gofu ya kulipwa, akarudi kuwa msaidizi, akafundisha timu ya wanawake, ndipo zamu yake ikafika.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Katika gofu ya kulipwa, mchezaji akiwa katikati ya raundi hushauriwa na mbeba mfuko wake tu. Vyuoni kijana huhangaika na mfuko wake mwenyewe, na kocha ndiye anayeruhusiwa kutembea naye na kumshauri papo hapo. Mfikirie kijana wa miaka 20: mbele yake maji, upepo wa Oklahoma unampiga ubavuni, mkono unasita kati ya fimbo namba 6 na namba 7. Wenzake wanne wanamtegemea. Wakati huo hahitaji hotuba. Anahitaji mtu aliyewahi kuvaa fulana ileile ya rangi ya chungwa na kusita vilevile, amwambie neno moja kisha anyamaze.

Wala asidhani mtu kwamba nyumbani peke yake kunatosha. Chuo hicho kina uwanja wake, Karsten Creek, uliofunguliwa mwaka 1994, Bratton akiwa bado mwanafunzi. Fainali za taifa zilipochezwa hapo mwaka 2003, ubingwa ukachukuliwa na Clemson. Zikarudi mwaka 2011, wenyeji wakatolewa na Augusta State katika nusu fainali. Miti ni yao, nyasi ni zao, na bado wakalia. Mwaka 2018, chini ya Bratton, waliifunga Alabama 5-0 kwenye fainali palepale.

Lakini linalonigusa zaidi ni la Agosti mwaka huohuo. Mwanafunzi wake Viktor Hovland, kijana wa Norway, alikwenda Pebble Beach kugombea ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa. Aliyembebea mfuko ni kocha wake, bingwa mpya wa taifa. Hovland akatwaa kombe. Aprili iliyofuata wakaenda wote Augusta kwenye mashindano ya Masters, mwalimu akiwa na mfuko begani tena, na Hovland akamaliza akiwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wa ridhaa. Mtu anayerudi chuoni kutafuta ukubwa hawezi kuifanya kazi hiyo, na wanafunzi wangemjua siku ya kwanza.

Mwaka 2025, kule La Costa, California, timu yake iliishinda Virginia 4-1. Lilikuwa taji la 12 la chuo na la pili kwake akiwa kocha, mbali na lile alilolipata kama mchezaji.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo: msimkatae mtoto wenu kwa kuogopa maneno ya watu, wala msimkabidhi timu kwa kuwa picha yake imetundikwa ukutani. Mpeni kazi ndogo kwanza. Akiifanya kwa moyo, mpeni na kubwa.