Kusimamisha Basi Hakusimamishi Ugonjwa

Novemba 2025, Ethiopia ilipotangaza mlipuko wa homa ya Marburg katika mji wa Jinka, kusini mwa nchi hiyo, mazungumzo ya hapa Kiwanjani, mjini Isiolo, yalirudi pale pale tulipoyaachia mwaka 2020. Mabasi ya kwenda mpakani Moyale yasimamishwe. Barabara ifungwe. Kila mtu akae kwao. Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na yananiudhi, kwa sababu dawa hiyo tumeshainywa na tunajua ilitufanyia nini. Huku kaskazini, ukifunga barabara kwa abiria hujazuia safari. Umeificha tu, na maradhi hustawi palipofichika.

Tukumbushane kidogo. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha, matatu ya watu 14 ilikuwa imeamriwa kubeba 8, na kuanzia tarehe 27 kafyu ikawa inaanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku watu kuingia au kutoka Nairobi na viunga vyake. Kwa sisi tunaoishi kwa barabara ya A2, nchi ikakatika kwenye daraja la mto Chania, pale Thika, hadi Julai. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi, amri kama hiyo ikarudi, safari hii ikizungushia Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, mpaka Mei mosi.

Wanaotetea hatua hizo wana hoja yao. Virusi havitembei vyenyewe, hubebwa na watu. Hospitali zetu zilikuwa na vitanda vichache na mitungi ya oksijeni ya kuhesabu, kwa hiyo serikali ilihitaji kununua muda. Sawa. Ila muda hununuliwa iwapo safari zimepungua kweli, na hapo ndipo hesabu yao inapopotea.

Zile safari ambazo zingeweza kuachwa, watu waliziacha wenyewe. Harusi ziliahirishwa. Rambirambi zikapigwa kwa simu. Safaricom ilipoondoa ada ya kutuma pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, mtu mwenye mama yake Merti hakuwa na sababu tena ya kumtafuta msafiri wa kumpelekea mzee hela ya unga. Hakuna askari aliyehitajika kwa hayo. Mtu akielezwa ukweli kuhusu ugonjwa hupima mwenyewe safari ipi ina maana na ipi haina. Zilizobaki barabarani ni zile ambazo ukiziacha, nyumbani hakuna chakula au mgonjwa hafiki kwa daktari.

Chukua maziwa ya ngamia. Kila siku maziwa hutoka mabomani, pande za Kulamawe na kwingineko, yakaingia Isiolo mjini, ambako akina mama wa vikundi kama ushirika wa Anolei huyapima, huyapoza na kuyaandaa kwa safari. Mnunuzi mkubwa yuko Eastleigh, Nairobi, karibu kilomita 280 kutoka hapa. Simama stejini uangalie yanavyosafiri. Mtungi wa plastiki wa njano, umefungwa kifuniko kwa kipande cha nailoni, umeandikwa jina au alama ya mwenyewe, unaingizwa kwenye buti la basi la abiria. Utingo anapewa kitu kidogo, namba ya simu ya mpokeaji inatajwa, basi linaondoka. Baadaye pesa zinaingia kwa simu, na mtungi mtupu unarudi na basi jingine. Hakuna lori, hakuna mkataba wa uchukuzi. Basi la abiria ndilo lori la mama huyu.

Sasa isome amri ya Aprili 2020. Ilisema shehena na vyakula viendelee kupita, mradi gari liwe na dereva mmoja na wasaidizi waliotajwa kwa maandishi. Kwa mwenye kampuni ya malori hilo ni jambo dogo. Kwa mama mwenye mitungi miwili ni sawa na kuambiwa usiuze. Aliyeandika amri ile aliona mizigo upande huu na abiria upande ule, kana kwamba hajawahi kufungua buti la basi la Marsabit. Na kabla hatujazoea hilo, tarehe 6 Mei Eastleigh yenyewe ikazingirwa, soko na mikahawa ikafungwa kwa mwezi mzima. Ngamia hajui amri. Anakamwa asubuhi na jioni, na maziwa katika joto la Isiolo hayamngojei mtu.

Basi mama huyo alifanya nini? Alifanya ambalo kila mtu mwenye watoto angefanya: alitafuta njia nyingine. Watu walipanda probox za usiku, wakabanana sita au saba mahali pa wanne, vioo vimepandishwa ili wasionekane. Wakajificha nyuma ya malori ya mifugo. Wakashuka kabla ya kizuizi, wakazunguka kwa bodaboda kupitia njia za panya, wakapanda gari jingine ng'ambo. Vizuizi vingine vilipitika kwa noti tu. Wala si sisi wa kaskazini peke yetu. Aprili hiyo hiyo Wakenya walielezwa na waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, kisa cha watu waliosafiri hadi Homa Bay na jeneza tupu wakijifanya wafiwa, na mmoja wao akapatikana na virusi.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha, maana hasara kubwa wala si ya maziwa. Basi la masafa marefu lina orodha. Ukikata tiketi ya Moyale au Marsabit, jina lako linaandikwa, kiti chako kinajulikana, na mara nyingi namba yako ya simu imo. Njiani askari wanakusimamisha na kudai kitambulisho, tena na tena. Sisi watu wa kaskazini tumezoea kudaiwa kitambulisho tangu zamani. Kwa mhudumu wa afya anayefuatilia mgonjwa alikaa na nani, orodha ile ni hazina. Abiria wa kiti cha 23 akiugua, unajua wa 22 na wa 24 ni akina nani, na unawapigia kabla jua halijatua. Serikali ilikuwa na hazina hiyo mkononi, ikaitupa. Abiria wa probox ya saa tisa usiku hana jina, hana kiti, na hata akiugua hatasema alipita wapi, maana kusema ni kujishtaki.

Mtu anayetoroka ndiye anayeshinda madaktari. Ebola ya Uganda ya mwaka 2022 ilitufundisha hivyo. Mgonjwa mmoja alitoroka ufuatiliaji wilayani Kassanda, akaingia Kampala, akaficha alikotoka na yeye ni nani, akafia hospitali ya Kiruddu. Tarehe 15 Oktoba Rais Museveni akafunga Mubende na Kassanda, na bado Novemba ugonjwa ukafika Jinja. Uganda ilitangazwa huru tarehe 11 Januari 2023, baada ya visa 142 vilivyothibitishwa na vifo 55, na kazi kubwa nyuma ya ushindi huo ilikuwa ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo inahitaji mtu aseme ukweli. Atausemaje ukweli mtu uliyemfanya mhalifu kwa kupanda gari?

Kuhusu nauli nitasema machache. Gari la 14 likibeba 8, tuseme kwa nauli ya shilingi 500, mwenye gari hupoteza 3,000 kila safari au hupandisha nauli hadi 875. Alipandisha. Ruhusa ya kujaza viti ilipokuja Agosti 2021, wengi walikuwa wameshazoea kulipa zaidi au kubaki nyumbani na maradhi yao.

Kwa hiyo Wizara ya Afya na serikali ya Kaunti ya Isiolo ziandike mpango sasa, kabla ya tangazo lijalo. Basi liendelee kutembea, madirisha wazi. Orodha ya abiria ipelekwe kwa afisa wa afya kabla gari halijaondoka stejini. Wapimaji wawekwe Moyale, Archer's Post na Isiolo, na mgonjwa atakayepatikana apelekwe kutibiwa, asipelekwe kituo cha polisi. Na mitungi ya maziwa itajwe kwa jina katika amri, ili askari wa daraja la Chania asipate cha kubishania na mama wa Kiwanjani.