Mkanda Mmoja Usizuie Gari la Wananchi

Msomaji wa Unguja akisikia jina la Mkwajuni, mawazo yake huenda moja kwa moja Kaskazini Unguja. Leo tunaomba twende naye mbali zaidi, mpaka Mkwajuni ya bara, makao makuu ya Wilaya ya Songwe katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Huko ni upande wa bonde la Ziwa Rukwa, nchi ya joto na vumbi, na ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kutoka Mkwajuni kwenda katika kata za mbali kama Ngwala, Gua na Kapalala, gari ndilo mguu wa Serikali. Ndilo linalobeba mgonjwa, chanjo, karatasi za mitihani na mtumishi aendaye kusikiliza shida za watu.

Magari yanayofanya kazi hiyo, huko bara na huku visiwani, mengi yake si mapya. Na linaposimama gari la namna hiyo chini ya mwembe, si lazima injini iwe imekufa. Pengine umekatika mkanda tu, kipande cha mpira na nyuzi ambacho dereva angeweza kukikunja na kukiweka chini ya kiti chake. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa sababu hiyo tumeona si aibu kuutolea tahariri mkanda wa gari.

Yafaa ieleweke kwanza kazi ya kitu hiki. Mkanda huchukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye alternata inayochaji betri, kwenye pampu inayozungusha maji, na katika magari mengi kwenye feni na pampu ya usukani. Ukikatika, maji huchemka, na dereva asiyesimama mapema huua injini nzima. Kuna la hatari zaidi. Katika baadhi ya injini za dizeli, kama zile za Toyota za aina ya 2L na 3L, pampu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alternata. Mkanda ukikatika kwenye mteremko, dereva hupungukiwa na nguvu ya breki wakati ule ule anapoihitaji. Hapo hatuzungumzii tena usumbufu wa safari. Tunazungumzia roho za watu.

Wenye umri wa kukumbuka hawajasahau hali ya miaka ya 1970 na 1980. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, yote hayo yalikausha fedha za kigeni, na vipuri vikaadimika. Gari liliweza kukaa juu ya mawe miezi mingi likingoja kipuri kimoja. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena. Taabu ya leo ni ya namna nyingine. Zamani mkanda haukuwapo. Leo mikanda inaning'inia tele kwenye misumari ya maduka, na kazi ni kuupata ule mmoja unaostahili.

Kosa kubwa tulionalo ni kutafuta mkanda kwa jina la gari. Mtu huagizwa mjini akaambiwa alete "mkanda wa Land Rover", naye huleta mkanda wa Land Rover kweli, lakini si wa Land Rover ile. Tuchukue mfano wa Defender. Lile lenye injini ya 200Tdi hutumia mikanda ya umbo la herufi V. Lile lililokuja na injini ya 300Tdi kuanzia mwaka 1994 hutumia mkanda mpana wenye mifereji, unaopita katika puli kadhaa kwa pamoja. Ukiyatazama kwa nje utayadhani mapacha. Vivyo hivyo kwa Toyota Land Cruiser: lililofungwa mtambo wa kupoza hewa lina mkanda ambao mwenziwe asiye na mtambo huo hana haja nao. Tena si machache miongoni mwa magari ya zamani ambayo yamekwisha badilishwa injini, hata kadi ya gari ikawa inasema hili na chini ya boneti kuna lile.

Basi mkanda hutafutwa kwa injini, kwa namba na kwa kipimo. Mkanda wa mifereji wenye maandishi 6PK1230, kwa mfano, hujieleza wenyewe: 6 ni idadi ya mbavu zake, PK ni umbo la mbavu hizo, na 1230 ni urefu wake kwa milimita. Ule wa herufi V hutajwa kwa upana wa mgongo wake na urefu wake. Namba ikiwa imefutika, na hufutika upesi kwa mafuta na vumbi, fundi mwangalifu huzungusha kamba katika njia ya mkanda, puli ya kukazia ikiwa katikati ya nafasi yake, kisha huipima kamba hiyo. Mkanda wa zamani haufai kutegemewa peke yake kuwa kipimo, kwa kuwa umekwisha vutika na kulika.

Mkanda ulio mrefu mno huteleza na kupiga kelele, na betri haichaji. Ulio mfupi mno huingia kwa kulazimishwa, kisha hula beringi za pampu ya maji na za alternata, hata mwenye gari akanunua pampu kwa sababu ya mkanda. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake mbili; ukiona unagusa sakafu ya puli, jua kwamba ni mwembamba au umekwisha. Pale injini ilipoundwa kwa mikanda miwili sambamba, mmoja ukikatika hubadilishwa yote miwili, kwani mpya na mkongwe hawavuti mzigo sawasawa. Wala mkanda wa mashine ya kusaga nafaka usigeuzwe kuwa wa gari kwa kuwa tu unafanana nao. Haukuundwa kwa puli ndogo ya alternata izungukayo kwa kasi kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu wakongwe hawana budi kulizingatia. Mkanda wa zamani ulionyesha uzee wake kwa nyufa. Mikanda mingi ya mifereji ya siku hizi hutengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, ambao huisha kama liishavyo tairi, bila ya kupasuka. Anayengoja nyufa atangoja mpaka akwame njiani. Yampasa atazame kina cha mifereji.

Sasa tugeukie ofisi za umma, maana huko ndiko neno letu linakolenga. Halmashauri inaponunua, hununua kile kilichoandikwa. Mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, unaweza kupeleka ombi kutoka wilayani hadi kwa mzabuni kwa muda mfupi, lakini hauwezi kuijua namba ambayo hakuna aliyeiandika. Ombi lililoandikwa "mkanda wa gari, mmoja" litajibiwa kwa mkanda wa gari, mmoja. Ukifika Mkwajuni na kukutwa haufai, gari litaendelea kulala, na safari ya kuurudisha Mbeya itamezwa na fungu lile lile la wananchi. Kwa Pemba, safari hiyo ni ya baharini.

Tunashauri mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza, kila gari la umma liwe na ukurasa wake katika daftari, unaotaja aina ya injini iliyomo hivi leo, namba ya kila mkanda wake, na tarehe na kilomita za siku ulipofungwa. Namba hiyo iandikwe siku mkanda ungali mpya na maandishi yake yanasomeka. La pili, gari liendalo mbali lisitoke bila mkanda wa akiba uliokwisha jaribiwa katika puli zake, pamoja na spana za kuufungia. La tatu, mkanda wa taimingi, ulio ndani ya injini, uhesabiwe kando na ubadilishwe kwa kilomita alizoagiza mtengenezaji. Huo haungojewi ukatike, kwani katika injini nyingi ukikatika huvunja vali.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuyaacha magari ya zamani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 yale yaliyozidi miaka kumi na mitano. Hatuwabezi wenye rai hiyo. Lakini gari jipya la leo ndilo gari la zamani la kesho, na ofisi isiyoweza kuandika namba ya mkanda wa gari kongwe haitaiandika ya gari jipya. Tena mwananchi wa kawaida hanunui jipya. Daladala inayompeleka mtoto skuli na pikapu inayoleta samaki sokoni ni mitumba kutoka Japani, nayo itakuwa nasi kwa muda mrefu.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Mkanda wa bandia uliopigwa jina la kampuni mashuhuri humdhulumu mnunuzi mara mbili, mfukoni na barabarani. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tunaviomba vyombo hivyo viwili vivihesabu vipuri hivi vidogo kuwa ni sehemu ya usalama wa barabarani, na ukaguzi usiishie bandarini bali ufike kwenye misumari ya maduka ya wilayani.

Mkwajuni ya Unguja iko karibu na maduka ya mjini, na fundi wake akikosea leo anaweza kurekebisha kesho. Mkwajuni ya Songwe haina nafasi hiyo, wala kisiwa kidogo kisichofikiwa ila kwa chombo hakina. Kadiri mahali palivyo mbali na duka, ndivyo inavyompasa mtunza gari kuwa karibu na daftari lake. Tunawasihi wakuu wa idara walisomapo gazeti hili waite madereva wao, wafungue boneti, na waandike namba hizo leo hii, gari likiwa bado linatembea.