Sababu Hazilingani Uzito

Mwalimu wa Kiingereza akifika kwenye "because", mara nyingi humaliza kazi kwa kipindi kimoja. Ni kiunganishi, maana yake "kwa sababu", tungeni sentensi tano, leteni madaftari. Mimi nafundisha Kiingereza na Historia katika sekondari ya kata hapa Songea, na nasema wazi kwamba haraka hiyo inatugharimu. Tunayaruka maneno madogo yanayoitangulia "because", na mwanafunzi anayeyakosa anabaki kujua kutaja sababu bila kujua kuzipima.

Maneno yenyewe hayatishi. "Mainly because" ni hasa kwa sababu. "Partly because" inasema sababu hii imo, lakini haiko peke yake. "Simply because" ni kwa sababu tu, usitafute nyingine. "Probably because" ni pengine kwa sababu. Vielezi hivi hukaa mbele ya "because", bila kitu katikati. Wanafunzi wengi huvisogeza nyuma wakaandika "because mainly", kwa kuwa Kiswahili kinaturuhusu kusema "kwa sababu hasa". Hilo hurekebishika kwa mazoezi. Kinachoniumiza ni insha nzima isiyo na hata kimoja.

Chukua swali ambalo kila mwalimu wa Historia amewahi kulisahihisha: kwa nini Vita vya Majimaji vilishindwa? Majibu yanakuja yamepangwa kama matofali. Because Wajerumani walikuwa na silaha bora. Because Waafrika walikuwa na silaha duni. Because hapakuwa na umoja. Because waliamini maji ya dawa yangewakinga na risasi. Because viongozi waliuawa. Because ya njaa. Hoja sita zimetimia, na mwandishi wake hajaona kwamba ya kwanza na ya pili ni hoja moja iliyogeuzwa upande. Hajaulizwa ipi nzito, basi hakuona haja ya kuwaza.

Sasa mwambie mwanafunzi huyo huyo achague moja na kuitangulizia "mainly". Hapo ndipo somo linapoanza. Akiandika kwamba vita vilishindwa "mainly because" viongozi waliuawa, tarehe zenyewe zinamkatalia. Watu wa Nandete, kwenye milima ya Matumbi, walianza vita kwa kung'oa pamba Julai 1905. Kiongozi wao, Kinjeketile Ngwale, alinyongwa huko Mohoro mapema Agosti mwaka huo huo, na vita vikaendelea kusambaa, vikafika huku kwetu Ungoni, vikadumu hadi 1907. Vita vilivyomzidi kiongozi wake kwa karibu miaka miwili haviwezi kuwa vilikufa hasa kwa kifo chake. Mwanafunzi anarudi mwenyewe kwenye sentensi yake, anafuta "mainly", anaweka "partly". Kufuta huko nakuthamini kuliko kurasa tatu za noti alizokariri.

Mwingine atasimama na hoja ya bunduki za rasharasha za Wajerumani. Ana ushahidi mzuri: pale kwenye boma la Mahenge, Agosti 30, 1905, maelfu ya wapiganaji waliziendea bunduki hizo wakiwa na imani ya maji, wakafyekwa. Lakini wa nyuma yake atauliza, mbona baada ya hapo vita havikwisha? Wapiganaji waliacha mapambano ya uwanjani, wakaingia vita vya kuvizia. Ndipo serikali ya Kijerumani ya Gavana von Götzen ilipochoma mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, risasi haikuwagusa. Hapa Songea kuna watoto waliosikia habari za njaa ile kwa bibi zao, nao wao waliambiwa na waliowatangulia. Mtoto wa namna hiyo akiandika "mainly because of hunger", ananiandikia kitu anachokiamini na anachoweza kukitetea. Wa bunduki naye anabaki na hoja yake. Darasa zima linabishana kwa Kiingereza, hata wale ambao siku zote hukaa kimya, kwa kuwa sasa kuna jambo la kubishania.

Kielezi pia huokoa maana pale sentensi inapokanusha. Andika "The Ngoni did not join because of the water." Msomaji mmoja ataelewa kwamba Wangoni waliingia vitani, ila maji siyo yaliyowaingiza. Mwingine ataelewa kwamba Wangoni hawakuingia kabisa, na maji ndiyo yaliyowazuia. Wa pili huyo amekosa historia nzima: wazee wa Kingoni waliingia, na wengi wao walinyongwa hapa Songea Februari 27, 1906. Ukisema kwa mdomo, sauti inaweza kukusaidia. Karatasi haina sauti. Weka "simply" mbele ya "because" na maana inatulia: waliingia, maji yalichangia, lakini hayakuwa peke yake. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na kazi za kulazimishwa, kulikuwa na heshima ya watawala iliyovunjwa.

Kuna walimu wenzangu wanaosema tusiwabebeshe watoto. Wamesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza hata wakati uliopita unawashinda, halafu unawaletea vielezi vya sababu. Ugumu wanaousema naujua, niko nao darasani. Ila watoto hawa tayari wanapima sababu kwa lugha yao kila siku. "Hasa", "tu", "pengine", "kwa kiasi kikubwa" wamezisikia nyumbani tangu wadogo. Wazo wanalo. Tunawaongezea neno moja mbele ya neno wanalolijua, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kugeuza sentensi kuwa ya kutendwa, jambo ambalo tunalipa majuma mazima.

Neno wanaloliogopa zaidi ni "probably". Wanaona ni kukiri kwamba hawakusoma. Tumewafundisha wenyewe hofu hiyo, kwa kutoa alama kwa anayesema kwa uhakika na kumtilia shaka anayesema kwa tahadhari. Mtu anayejua mpaka wa ushahidi wake anastahili alama, na nitaendelea kumpa.

Nje ya darasa nako tunaona matunda ya kufundisha sababu bila mizani. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mzazi anasema mtoto amefeli kwa sababu ya simu. Basi. Simu inaweza kuwa imechangia, lakini vipi umbali wa shule, vipi somo la Hesabu lililokaa bila mwalimu, vipi mtoto aliyekaa mwezi mzima shambani? Basi likipinduka, tunaambiwa ni mwendo kasi, na barabara na matairi havisemwi. Anayezoea kuambiwa sababu moja huridhika nayo, na zilizobaki zinaendelea kufanya kazi yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Kiingereza: muhula ujao "because" ipewe wiki nzima, na vielezi vyake vifundishwe pamoja nayo, kwa mifano itokayo kwenye Historia, Jiografia na Biolojia wanazosoma watoto hao hao. Na watunga mitihani, punguzeni maswali ya "taja sababu sita". Ulizeni ipi ilikuwa kubwa, na mtahini atoe alama kwa namna mwanafunzi alivyoitetea.