Tuacheni Tubishane Kuhusu Wenge

Tangu mwezi uliopita ukumbi wa vijana hapa kambini hauna tena mabishano ya muziki siku ya Jumamosi. Tuliambiwa yamesimamishwa kwa sababu "yanahatarisha amani." Kisa chenyewe mnakijua: vijana wawili walisukumana, mmoja wa JB Mpiana, mwingine wa Werrason, kiti cha plastiki kikavunjika mguu. Basi, ni hivyo tu. Shirika linaloshika funguo za ukumbi likaleta kipindi kingine saa zile zile. Tunagawanywa kwa makundi ya watu kumi, kila kundi linatunga wimbo kuhusu kunawa mikono au kuhusu umoja, tunaimba dakika tano, tunapigwa picha, tunapewa soda.

Hatuna ubaya na soda. Na mikono tunanawa, maji yakiwepo. Ila tunataka kusema wazi, kwa vijana wenzetu na kwa ndugu zetu wa mashirika wanaotusoma: mabishano yale yalikuwa na maana kuliko kipindi kilichochukua nafasi yake, na tunaomba yarudi.

Kwanza tueleze Wenge ni nini, maana mfanyakazi mmoja alituuliza kama ni kabila.

Wenge Musica ni bendi ya Kinshasa iliyoanzishwa na vijana mwanzoni mwa miaka ya 80. Walivaa vizuri, walipiga gitaa kwa kasi, na kufikia miaka ya 90 hapakuwa na harusi Kongo nzima bila wimbo wao. Mwisho wa mwaka 1997 bendi ikapasuka. JB Mpiana akabaki na upande ulioitwa Wenge BCBG. Werrason, pamoja na Didier Masela na Adolphe Dominguez, wakaunda Wenge Musica Maison Mère. Mwaka 1998 upande mmoja ukatoa albamu ya Titanic, upande wa pili ukatoa Force d'intervention rapide. Mwaka 1999 Maison Mère wakaleta Solola Bien, na hapo ndipo ugomvi ulipokolea kabisa. Mitaa ikagawanyika, ndugu wa tumbo moja wakagawanyika. Mwingine anasema Mpiana ana sauti na mashairi, mwingine anasema hakuna mtu aliyewahi kuchezesha watu kama Werrason.

Sasa angalieni miaka hiyo. 1996, 1997, 1998. Sisi wengi hatukuwa tumezaliwa, lakini ndiyo miaka ambayo watu wetu wa Kivu walikuwa njiani. Wakati Kinshasa inabishana nani ana sebene kali, kuna mama waliokuwa wanavuka Ziwa Tanganyika usiku na watoto mgongoni. Wengine walikuwa porini, wengine wanatembea kuelekea mpaka wa Uganda. Mobutu alianguka Mei 1997, nchi ikabadilishwa jina, na Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Kila kitu kilipasuka kwa wakati mmoja: jeshi, vijiji, familia, makanisa. Na bendi.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Katika yote yaliyopasuka miaka ile, Wenge ndiyo mpasuko pekee ambao sisi tunaweza kuuzungumza kwa sauti kubwa, watu wa pande zote tukiwa ndani ya chumba kimoja, na tukacheka. Mengine yote tunayazungumza kwa kunong'ona, kila mtu na watu wake. Nani alichoma kijiji cha nani, baba wa nani alikuwa na kikosi gani, shamba lile ni la nani. Kuna vijana humu ndani ambao babu zao hawakusalimiana mpaka kufa. Jumamosi mmoja anasimama kumtetea Mpiana, na anayemshika mkono kumsaidia ni mtoto wa ile familia nyingine.

Kwa sababu Wenge haina mwenyewe huku kwetu. Mpiana ni mtu wa Kasai. Werrason ni mtu wa upande wa Bandundu. Sisi Wabembe, Wafuliiru, Banyamulenge, Washi, Wahunde, hatuna mjomba upande wowote. Kule Kinshasa labda mtu alichagua upande kwa sababu ya jimbo lake. Hapa mtu anachagua kwa masikio, au kwa sababu yaya wake alikuwa na kaseti ya upande huo na hakuwa na nyingine. Kwa hiyo timu zetu za ukumbini zimechanganyika kuliko kikao chochote cha umoja tulichowahi kualikwa. Kwenye vikao vya umoja tunaketi kabila kwa kabila, kila mtu anajua hilo, na wanaopiga picha wanatuomba tusogeleane.

Kuna jambo lingine ambalo wageni hawalioni. Nyimbo hizi ni za Kilingala. Kwa wazee wengi wa mashariki, Kilingala ni lugha ya askari. Ni sauti iliyogonga mlango usiku. Tuna mama mmoja jirani ya ukumbi ambaye siku za kwanza alikuwa anafunga dirisha spika ikiwaka. Hatukumlaumu. Polepole akaanza kuuliza maneno yanasema nini, na kwa kuwa aliwahi kufanya biashara Kisangani, ikawa yeye ndiye anatutafsiria. Sasa tukikosea maana ya neno anapaza sauti toka nje: "Hapana, hapo anasema ameachwa!" Kilingala cha mapenzi kimeingia pale ambapo palikuwa na Kilingala cha amri tu. Hakuna aliyeandika mradi kwa ajili hiyo.

Halafu kuna sheria ya ukumbini, ambayo nadhani ndiyo elimu yetu kubwa. Huwezi kusema wimbo ni mbaya bila kupiga kipande. Ukisema Flamme Kapaya ni mkali wa gitaa la solo kuliko Alain Makaba, unatafuta mahali penyewe kwenye wimbo, unapiga, tunasikiliza kimya, halafu unaeleza umesikia nini. Mwenzako naye anapiga chake. Ukishindwa kuonyesha, unakaa chini. Kuna dada mmoja ambaye katika mikutano ya kamati hajawahi kufungua mdomo, na kwenye yale maswali ya mashirika hujibu "ndiyo" na "sawa" tu. Jumamosi moja alisimama akaeleza kwa dakika kumi jinsi gitaa mbili za Solola Bien zinavyojibizana, moja ikishika mahali pamoja huku nyingine inazunguka. Kijana mmoja akamkatiza. Akamwambia: "Weye unasikia tu kelele, hausikie gitaa!" Ukumbi ulilipuka. Tangu siku hiyo akiinua mkono kwenye kamati, watu wananyamaza.

Tunajua mtatujibu nini. Mtasema ushabiki wa muziki huleta fujo, na mfano upo. Februari 2020, siku Fally Ipupa alipopiga Bercy, Paris, magari na pikipiki zilichomwa moto karibu na kituo cha Gare de Lyon. Ni kweli. Lakini waliofanya vile hawakuwa mashabiki wa bendi moja wakipigana na wa bendi nyingine. Walikuwa Wakongo wa ughaibuni wanaopinga wanamuziki kwa sababu za siasa, wakisema wako karibu na wakubwa wa Kinshasa. Hiyo ni hasira ya nchi iliyotafuta mlango wa kutokea. Ukifunga ukumbi wa muziki hujaiondoa hasira hiyo, umeisogeza nyuma ya nyumba tu.

Na kama ni kusukumana, bana, twende kwenye banda la mpira. Kila wiki Arsenal na Manchester wanavunjiana viti pale. Hatujaona tangazo la kulifunga.

Kwa wenzetu pia tuna neno, tusiwatupie lawama wa mashirika peke yao. Kuna wachache ambao wakishindwa hoja wanaanza "ninyi watu wa kule." Mtu wa namna hiyo atolewe ukumbini siku hiyo hiyo, na asirudi mpaka alete wimbo ambao hajawahi kuupenda na autetee mbele ya wote. Mpige mtu kwa wimbo. Ukoo wake uache.

Turudi kwenye kile kipindi kipya. Shida yetu na "nyimbo zenye ujumbe" ni kwamba zinafikiri muziki ni gari la kubebea tangazo. Wimbo unapimwa kama umetaja sabuni. Kwa kuwa wafanyakazi wengi wanapenda roki, na hata sisi tuna kikundi kidogo cha roki, hebu tuseme kwa mfano wao. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia yake iliondoka, ikahamia Uingereza. Mnaelewa kwa nini kijana mmoja wetu hataki kusikia bendi nyingine zaidi ya Queen. Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid lililochangisha fedha kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, Queen walipanda jukwaani Wembley kwa dakika kama 20. Walipiga nyimbo zao zile zile zinazojulikana, na uwanja mzima ukapiga makofi kwa pamoja kwenye Radio Ga Ga. Mpaka leo ndiyo dakika ambazo watu wanazikumbuka kuliko hotuba zote za siku ile. Kwa hiyo hata historia ya misaada yenu inajua kwamba wimbo wa kawaida, ukipigwa vizuri, unafanya kazi.

Wana-roki wetu wana mabishano yao: Tinariwen au Songhoy Blues? Zote ni za Mali, zote zimetoka kwenye kukimbia. Ibrahim Ag Alhabib wa Tinariwen alikulia uhamishoni Algeria, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa kopo, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Songhoy Blues ni vijana waliokutana Bamako baada ya kukimbia kaskazini mwaka 2012, wakati wapiganaji waliposhika miji na kupiga muziki marufuku. Wengine wanasema Tinariwen ni jangwa lenyewe, wengine wanasema wanachosha, Songhoy ndiyo roki ya kurukia. Sisi tulio wengi tunaona hao wa jangwa wako juu, lakini kura ilikuwa karibu sana. Tunachopenda ni kwamba hakuna anayebishana nani kati yao aliteseka zaidi. Wanabishana nani anapiga vizuri. Ninyi mnaotuhoji kila mwezi, mnajua ni mara ngapi mtu hutuuliza kitu ambacho jibu lake si mateso?

Na msifikiri tumeleta jambo geni katika nchi hizi za jirani. Wakongo wamekuwa wakipiga na kupasua bendi huku zamani. Mwaka 1976 wanamuziki walimtoroka Baba Gaston Nairobi wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala alipitia Uganda kabla ya kufika Kenya, akaunda Orchestra Virunga, bendi yenye jina la milima yetu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akiwa na Super Matimila akawa sauti ya wanyonge wa Tanzania kwa Kiswahili safi. Hao walifuata kazi, hawakuja kwenye lori kama sisi. Lakini watu wa hapa walitujua kwa bendi kabla ya kutujua kwa mahema. Mzee mmoja mwenyeji, dereva wa bodaboda, alikuwa anakuja ukumbini kwa sababu hiyo tu. Alikuwa anasimama mlangoni na helmeti yake, anatuambia sisi watoto hatujui kitu, twende tukasikilize Franco kwanza. Tangu ukumbi ufungwe hatujamwona.

Wenge wenyewe walipatana. Tarehe 30 Juni 2022 Mpiana na Werrason walisimama jukwaa moja katika Stade des Martyrs, Kinshasa, baada ya karibu miaka 25. Tuliangalia vipande vyake kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, watu kumi na wawili. Mabishano hayakuisha. Yaliongezeka: nani aliimba vizuri siku ile, nani amezeeka.

Basi ombi letu ni dogo. Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, ukumbi, spika na betri ya sola. Tutachagua wasimamizi wawili, mmoja wa kike mmoja wa kiume, kutoka timu mbili tofauti. Kitakachovunjika tutalipa kwa mchango. Mfanyakazi wa shirika akitaka kukaa nasi akae, lakini asije na karatasi ya kuandika. Aje na wimbo wake na awe tayari kuutetea. Kipindi cha kunawa mikono kinaweza kuhamia Alhamisi, hatutakosa.

Hoja ya kwanza tumekwisha kuichagua: Titanic au Force d'intervention rapide. Mama mtafsiri amekubali kukaa ndani safari hii. Mpenzi wa Queen ameomba dakika kumi za mwanzo. Tumempa tano.